Suruali ya Kioo ya Athanasi

Mume wangu Athanasi Mapunda amejaliwa kipaji kimoja tu, nacho ni kuacha kitu kilivyo. Weka sufuria mezani leo, safiri wiki mbili, utaikuta palepale na kifuniko chake. Nilipoolewa naye nilidhani ni uvivu. Mama yake naye alidhani ni uvivu, na yeye alikuwa amemjua kwa muda mrefu zaidi. Miaka ishirini na mitatu tumekaa naye hapa Lizaboni, na mti wa mpera alioahidi kuukata mwaka wa kwanza bado tunakula mapera yake.

Kazi yake ni fundi sanifu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Songea. Yaani anaosha chupa, anazipanga, na anawazuia wanafunzi wasizivunje. Walioanza naye kazi wamepanda, mmoja mpaka kawa diwani. Yeye yuko na chupa zake. Hata kwenye vikao vya ukoo, kazi zikigawanywa, huyu aende kwa padri, yule atafute ng'ombe, Athanasi huambiwa akae na mizigo. Na kweli anakaa nayo.

Sasa alikuwepo binti mmoja aliyesoma shuleni hapo, Jane Ngonyani. Darasa lao waliambiwa wayeyushe chumvi kwenye glasi, waiache itengeneze chembe zake taratibu. Wanafunzi wote kesho yake walikuwa wanatikisa glasi kuona kama tayari. Athanasi akamwita Jane nyuma ya kabati, akamwonyesha glasi yake mwenyewe, aliyoiweka mwezi mzima bila kuigusa. Ndani palikuwa na chembe moja kubwa kama punje ya hindi, pembe zake zimenyooka kama imerandwa na seremala. Binti yule hakuisahau. Akaenda chuo kikuu, akaenda mbele zaidi mpaka nje ya nchi, huko anasomea sumaku.

Mwaka jana mwezi wa tano akarudi likizo, akaja kwangu na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo mama Leo," akaniita kwa jina la mwanetu. "Mwalimu yupo?"

"Marahaba. Yupo uani. Anautazama mpera."

Jane akaeleza shida yake. Kule anakosoma kuna sumaku kubwa kuliko nyumba yetu, na watu wa nchi nyingi wanapanga foleni kuitumia. Yeye zamu yake ni wiki moja tu, mwezi wa tisa. Anachotaka kukiweka ndani ya sumaku hiyo ni vijiti vyeusi vyembamba kama unywele, na vijiti hivyo havichongwi, vinaoteshwa. Vinataka giza, utulivu, na wiki sita bila kutikiswa. Mara mbili amekosa zamu kwa sababu vilikuwa vimepasuka. Akikosa ya tatu, nafasi anapewa mwingine na masomo yake yanaishia hapo.

"Kule nina wataalamu sita," alisema, "na kila mmoja anafungua mlango kuchungulia. Namtaka mtu asiyechungulia."

"Umefika," nikamwambia. "Huyu hata mimi hajanichungulia tangu mwaka juzi."

Athanasi, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, akavuta kiti. Halafu akauliza, "Unga wa kuvioteshea unao?"

Mimi nikauliza jambo ambalo mtu mwenye akili angeanza nalo: vijiti hivyo vina faida gani. Tulikuwa mezani, na Baba Mkubwa Romanus yuko kwenye kiti chake. Huyu ni kaka wa baba yake Athanasi, miaka tisini na mmoja, tuliishi naye. Alikuwa amekataa uji tangu asubuhi.

Jane akasema vijiti vile vimetengenezwa na vitu vya jamaa ya mafuta na masizi, si shaba wala bati, lakini vinapitisha umeme. Na umeme wenyewe haupiti popote unapotaka. Unapita kwenye tabaka nyembamba, kama watu kwenye njia ya mashambani, mbele na pembeni kidogo, kupanda juu hauwezi. Katikati ya tabaka kuna chembe za chuma, kila moja kisumaku kidogo. Ukivipoza mpaka kwenye baridi ambayo hata watu wa Makambako, walivyozoea baridi, wanaisikia kwenye hadithi tu, vinagoma. Umeme haupiti kabisa. Ukileta sumaku, vinalegea, umeme unapita wa kawaida. Na ukizidisha sumaku, pale ambapo vitu vingine vyote vingeharibika, umeme unapita bila kizuizi chochote, hata punje haipotei.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kwa sababu ndani yake tayari kuna ugomvi, mama. Zile chembe za chuma. Ugomvi wa nje ukifika ukubwa sawasawa na ule wa ndani, zinafutana. Panakuwa na amani."

Ndipo akaingia Mwanaheri kuazima ungo. Mwanaheri ni Myao wa Nalasi, Tunduru, anauza mchele na korosho zilizobanguliwa, stoo yake iko nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wayao na sisi Wangoni ni watani, basi kwake adabu kwa mtu wa nyumba yetu ni kama kutukana.

"Wewe mzee," akamwambia Baba Mkubwa, "bado upo? Babu zako walikuja kutuibia mbuzi Tunduru wakawa wanakimbia kama swala, leo hata kijiko kinakushinda?"

"Toka hapa, mla panya," akasema Baba Mkubwa, na akashika bakuli, akanywa uji wote mpaka akalamba kijiko.

Jane alimtazama kwa muda. "Huyo," akasema, "ndiye kijiti changu."

"Mimi si kijiti," akasema Baba Mkubwa.

Lakini alikuwa ndiye. Siku zote ukimwomba kwa upole anagoma. Ukipandisha sauti anasogea. Mwanaheri akimtukana barabara, anakula, anaoga, anameza dawa, na anatabasamu. Tangu siku ile nilielewa sumaku ya Jane kuliko Athanasi mwenyewe.

Chombo cha kuoteshea kilikuja kwenye sanduku lenye sponji. Ni kioo, kina miguu miwili iliyounganishwa katikati, nikakiita suruali ya kioo na jina likabaki. Ndani unamiminwa ule unga ulioyeyushwa katika dawa yenye harufu kali, unazamisha waya kila mguu, unaunganisha na betri yenye kiboksi kinachotoa umeme kidogo sana, usingeweza kuwasha hata jicho la kunguni.

Ilikuwa ikae maabara. Lakini wiki ileile shule ikaanza kujengewa bwalo, na mashine ya kushindilia udongo ikawa inatetemesha chupa zote kwenye rafu. Mkuu wa shule akasaini karatasi, suruali ikahamia stoo yetu ya uani. Nikakubali kwa masharti: dirisha la wavu liwe wazi, kufuli liwepo, na funguo ikae kwangu. Athanasi naye akaja na masharti yake. Kinu kisitwangwe uani. Kuku wahame. Mlango usibamizwe. Nikatwanga mahindi kwa jirani wiki tatu, na jirani akaanza kuuliza kama nimeachika.

Kila Jumapili baada ya misa Athanasi aliingia na tochi, akatazama mara moja, akatoka. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili hakuna kitu. Wiki ya tatu alitoka akakaa kwenye ngazi.

"Vipi?" nikauliza.

"Kuna unywele," akasema. Akazima tochi. "Mama Leo, safari hii mimi ndiye ninayengojwa."

Jogoo alikuwa ametoroka kule tulikomhamishia. Nilikwenda kumzuia asiparue ukuta wa stoo.

Wiki ya nne Baba Mkubwa Romanus akafariki. Hakuumwa. Alikataa uji asubuhi, Mwanaheri alikuwa amekwenda Tunduru kufuata mchele, hakuna wa kumtukana, akalala kwenye kiti na hakuamka. Tulilia, lakini kilio cha mtu wa miaka tisini na mmoja kina nafasi ya kuulizana chumvi iko wapi.

Ukoo ukajaa. Walikuja wa Peramiho, wa Mbinga, wa Madaba wakiongozwa na Mjomba Saimon na kikohozi chake. Athanasi, kama kawaida, akaambiwa akae na mizigo. Hapo hakuna tabu. Tabu ilikuja wazee waliposema kwamba marehemu alikuwa mchezaji wa ngoma ya lizombe aliyejulikana wilaya nzima, na hawezi kuzikwa kama mwalimu wa kwaya. Kesho yake, mara tu baada ya mazishi, lizombe ingechezwa palepale uani.

Asiyeijua lizombe ajue kwamba inachezwa kwa miguu. Wanaume thelathini wanapiga ardhi kwa pamoja, na ardhi inajibu. Stoo yetu iko hatua nane kutoka hapo.

Athanasi akanijia jikoni, uso umemshuka. "Zimebaki siku kumi na mbili."

"Kawaambie wazee."

"Niwaambie nini? Kwamba Baba Mkubwa asichezewe kwa sababu ya nywele za kwenye chupa?"

Hilo kweli halisemeki. "Basi ihamishe."

"Nani ataibeba? Mikono inanitetemeka."

Akachukua kigoda, akakaa mbele ya mlango wa stoo, mgongo kwenye kufuli. Hakula. Watu wakadhani ni uchungu wa msiba, wakamsifu.

Tulizika saa nane mchana. Tumerudi, watu wananawa, ndipo Mwanaheri akaingia na watani wenzake wanne, ametoka stendi moja kwa moja. Alilia kwanza, kilio cha kweli, akajifuta kwa kanga, halafu akaanza kazi yake. Alivaa koti la marehemu na kofia yake, akachukua fimbo, akazunguka kwa waombolezaji akikohoa kama yeye na kulalamika maharage hayajaiva. Mjomba Saimon alicheka mpaka akapigwa mgongoni. Mimi mwenyewe nilikuwa sijacheka tangu asubuhi ya juzi, nikajikuta nimeshika mbavu.

Sasa desturi ni kwamba mtani msibani anachukua kitu cha wafiwa. Anachukua anachotaka, hukatazi, hununi, na baadaye unakikomboa kwa kuku au kwa atakachotaja. Mtani mwenye akili hachukui ndoo. Anatafuta kile mnachokipenda. Mwanaheri akazungusha macho uani, akamwona Athanasi kwenye kigoda.

"Mngoni huyu analinda nini?"

"Silindi kitu," akasema Athanasi. Mtu asiyejua kudanganya asijaribu.

"Mama Leo, funguo."

Nikamtazama Athanasi. Akainamisha kichwa. Kukataa ingekuwa aibu ya ukoo mzima, na wazee walikuwa wanatazama. Nikatoa funguo.

Mwanaheri akaingia. Akatoa kichwa nje.

"Jamani, hawa Wangoni wamemfungia jini kwenye suruali."

"Mtani," Athanasi akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "chukua. Ila isitikisike. Ikae wima, gizani, na waya zisitoke. Ikitikisika nitalia mbele ya watu."

Mtani akimwona mtu ameumia hivyo ndipo anafurahi, kwa hiyo Mwanaheri akafurahi. Lakini pia ni mwanamke aliyekulia Nalasi, kisima chao kilikuwa ng'ambo ya vilima viwili, na tangu ana miaka saba alibeba ndoo kichwani bila kushika. Akaomba beseni, akatandika kanga, akaweka suruali na betri yake na kiboksi chake, akajitwisha. Akatembea. Watani wanne nyuma yake wanaimba kwamba wamechukua jini la Wangoni, yeye mbele, shingo imenyooka, koti la marehemu likimpwaya mabegani. Athanasi alimfuata hatua kwa hatua mikono ameinyoosha kama anayefukuza bata. Kile kimiminika, aliniambia baadaye, hakikucheza hata mara moja.

Akaitua kwenye stoo yake, katikati ya magunia ya mchele.

Sisi tukarudi, lizombe ikaanza. Wanaume wale walimpa Baba Mkubwa haki yake. Sahani zilitembea kabatini. Lizombe ilipokwisha niliingia stoo kuchukua ungo, nikamkuta Athanasi anaitazama rafu ilipokuwa suruali. Kopo la mafuta ya taa lililokuwa limeegemea ukuta limetembea lenyewe mpaka ukingoni, nusu liko hewani.

"Kesho mapema nenda na jogoo ukakomboe," nikamwambia.

Akafikiri. "Bado," akasema.

Nikadhani amechoka. Siku ya pili nikamwambia tena. "Bado." Siku ya tatu nikamkamata mwenyewe jogoo, nikamfunga miguu, nikamweka mbele yake.

"Mama Leo," akasema, "pale kuna magunia arobaini kila upande. Hapatetemeki. Ni giza. Joto lake ni moja mchana na asubuhi. Hata maabara sijawahi kuwa na mahali kama pale. Mfungue jogoo."

Ikawa hivyo. Na Mwanaheri akaanza kupata taabu aliyojitafutia. Mtani akichukua kitu, kikiharibika mikononi mwake kabla hakijakombolewa, aibu inakuwa yake, itasimuliwa hapa na Tunduru. Akikirudisha bure, anachekwa vilevile. Basi alikaa nacho. Magunia yaliyoizunguka suruali hakuweza kuyavuta, na huo ndio mchele mzuri uliotoka kuja. Wateja akawaambia wangoje. Paka wake akapelekwa kwa shoga yake. Kila jioni Athanasi alifika na kigoda, akasalimia, akakaa mlangoni robo saa, akaondoka. Hakusema kitu juu ya kukomboa.

Siku ya saba Mwanaheri akaja kwangu. Alikuwa ananong'ona. Mwanamke yule, sauti yake ilikuwa inasikika mpaka sokoni, ananong'ona jikoni kwangu.

"Mama Leo, mumeo ana nini?"

"Kwa nini unanong'ona?"

"Nimezoea. Stoo siongei kwa sauti, naogopa jini litapasuka. Mwambie alete jogoo."

"Anasema bado."

"Alete kifaranga basi."

"Anasema bado."

"Alete yai, mama Leo. Bovu."

Nikamwita Athanasi. Akaja taratibu kama kawaida yake, akafikiri kama kawaida yake. "Siku tano," akasema.

Mwanaheri alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyemtengeneza.

Siku tano hizo alizimaliza. Siku ya mwisho, saa nne asubuhi, akaja kwenye mlango wetu amebeba jogoo. Wake. Mwekundu, mkubwa, wa Tunduru. Nyuma yake watani walewale wanne, safari hii hawaimbi.

"Mngoni," akasema, "mimi Mwanaheri, wa Nalasi, nakukomboa wewe. Njoo uondoe uchafu wako."

Majirani walikuwa wametoka wote. Katika maisha yake Athanasi hajamtania mtu, na watu walingoja waone kama ataweza. Akampokea jogoo, akamkabidhi kwangu, akajifuta mikono.

"Mtani," akasema, "ninyi mmezoea kuchukua vitu vinavyokimbia. Hiki kimekushinda kwa kukaa."

Halikuwa tusi kubwa. Lakini lilitoka kwa Athanasi, na Mwanaheri akaegemea nguzo ya baraza, akacheka kwa sauti yake ya zamani mpaka kuku wakatawanyika.

Vijiti vilitoka kumi na vinne, vitatu vikavunjika kwenye kibano. Kumi na kimoja vikafungwa kwenye pamba, kwenye kikopo cha pini zangu za kushonea, vikaenda Dar kwa basi na kutoka hapo kwa ndege. Halafu ikawa kungoja. Athanasi anajua kungoja, lakini mwezi ule wa tisa nilimwona akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Jane alipiga simu siku ya Ijumaa mchana. Tulikuwa barazani, Mwanaheri yupo, anachambua mchele. Athanasi akaweka spika.

"Mwalimu, viwili vimepasuka kwenye baridi."

Athanasi akaisogeza simu karibu zaidi.

"Cha tatu hakikupasuka. Tumekipoza kikagoma kabisa. Tukaongeza sumaku, kikaanza kupitisha. Tukaongeza zaidi. Kinataka kulala sambamba na sumaku, kikipinda kidogo tu kinanuna, tumekigeuza kwa saa nne nzima. Halafu, mwalimu, mstari wa kipimo kwenye skrini ukashuka. Ukashuka mpaka chini, ukalala. Hakuna kizuizi chochote." Akacheka. "Wenzangu wanauliza umevioteshea wapi."

Mwanaheri akanigusa goti. "Yaani imefanyaje?"

"Imekunywa uji," nikamwambia.

Akaacha kuchambua. Alikaa na ungo mapajani, akatazama kile kiti cha Baba Mkubwa ambacho hakuna aliyekihamisha, kwa sababu kazi ya kukihamisha alipewa Athanasi.

"Waambie," Athanasi alikuwa anamjibu Jane kwenye simu, "kwenye mchele."

Mwezi wa pili mwaka huu ukaja unga mwingine, mwingi kuliko ule. Jane amepewa zamu nyingine. Athanasi ameisafisha suruali, ameipanga stoo yetu, lakini naona anasimama mlangoni akitikisa kichwa. Bwalo la shule bado linajengwa. Mwanaheri tangu ule mwezi amenunua kufuli mbili, na Athanasi akipita nje yeye anazifunga zote. Kumwomba hivihivi kwa adabu haiwezekani, angekataa kwa furaha. Lazima aichukue mwenyewe, na ili aichukue panatakiwa msiba.

Juzi tunakula, Athanasi akaweka kijiko chini.

"Mama Leo, hivi Mjomba Saimon wa Madaba anaendeleaje na kile kikohozi?"

"Kimepona," nikasema. "Amepata dawa. Analima."

"Ah," akasema Athanasi, akarudi kwenye chakula chake. "Basi tungoje."